Mbona Mama Hatundikiwi Serumu?

Tunaowaandikia ni ndugu wawili wa tumbo moja, kaka na dada. Kaka ni mwalimu wa kujitolea wa darasa la sita na ndiye aliyeshika kalamu. Dada bado yuko sekondari. Tunasema "sisi" kwa sababu kosa tulilifanya wote wawili, na kule hospitalini tulipokezana.

Wengi wenu mlitusaidia usiku ule Mama alipozidiwa, na tangu hapo mnatuuliza bombani na kwenye foleni ya mgao: hivi ile presha ilikuwaje, na kule kwenye chumba cha mahututi walimfanyia nini? Kila mtu tunamjibu kidogo kidogo, na mwisho habari zinatofautiana. Basi tumeona tuiandike mara moja.

Mama yetu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 akitokea upande wa Fizi. Sisi tulizaliwa huku huku. Ugonjwa wa presha aligundulika nao siku aliyokwenda zahanati kwa ajili ya mguu tu. Wakampima, wakampima tena wiki iliyofuata, wakamwambia ana presha ya kupanda. Akapewa vidonge vya aina mbili, amlodipini na atenololi, vya kumeza kila siku hata akijisikia mzima. Hilo la "hata ukijisikia mzima" alilisikia vizuri. Na sisi tulilisikia.

Sasa kuna mama jirani yetu, mtu mwema kabisa, ambaye alikuwa anasumbuliwa na kichwa. Akasema na yeye ni presha tu, maana dalili anazijua. Kwetu mtu akija kuomba chumvi unampa, akiomba moto wa kuwashia unampa, na vidonge vikawa hivyo hivyo. Mama akamgawia, vya aina zote mbili. Sisi tuliona. Tena sisi ndio tuliomwambia Mama: we si umeshapona, unabeba kuni, unalima, hebu pumzisha tumbo. Vidonge vikaisha siku kumi hivi kabla ya tarehe yake ya kliniki, tukasema si neno.

Na kweli siku za kwanza haikuwa neno. Alienda shambani, akacheka, akaimba. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba amlodipini haitoki mwilini haraka, inabaki kwenye damu siku kadhaa inapungua polepole. Kwa hiyo mtu anaiacha, anajiona mzima, anasema mnaona? Kumbe bado anakula akiba. Atenololi yenyewe ni tofauti: ukiiacha ghafla, moyo uliokuwa umeshikwa hatamu unaachiwa na kuanza kwenda mbio. Hatukujua lolote kati ya hayo.

Usiku wa saa nane Mama alituamsha. Alikuwa amekaa, hawezi kulala chali, anasema hewa haishuki. Kifua kinakoroma kama chungu kinachochemka. Mnajua wenyewe jinsi mlivyombeba hadi hospitali ya kambi. Pale alianza kutoa povu lenye rangi ya damu iliyochanganyika na maziwa. Walipompima wakakuta 230 juu ya 130. Nesi alimkalisha wima, miguu ikining'inia, akamwekea oksijeni, akamchoma sindano ya furosemidi kwenye mshipa. Tukaambiwa ni lazima apelekwe hospitali kubwa ya mjini, kwenye chumba cha mahututi. Kibali kikaandikwa usiku ule ule, gari likaondoka. Barabara mnaijua, hatuna haja ya kuisimulia.

Kule mjini chumba cha mahututi kilikuwa na vitanda vichache. Mama aliwekwa karibu na dirisha, na kitanda cha pili alikuwepo kijana mmoja, mtoto wa wenyeji wa pale. Utumbo wake ulitoboka kwa ugonjwa wa matumbo, akapasuliwa, na uchafu wa vijidudu ukawa umeshaingia kwenye damu. Yeye presha yake ilikuwa 70 juu ya 40. Msindikizaji haruhusiwi kukaa ndani, unaingia saa ya kumsafisha mgonjwa na kumwona, halafu unatoka. Lakini kwa hizo dakika chache macho yanaona mengi.

Tuliona kwamba kila mmoja ana kimashine kidogo pembeni, kimeshika bomba la sindano, kinalisukuma polepole sana, hata ukitazama huoni likisogea. Vimashine vinafanana kama mapacha. Lakini kijana alikuwa ametundikiwa chupa za maji, moja ikiisha inakuja nyingine. Mama yetu hakuwa na chupa hata moja.

Hapo roho zetu zikachafuka. Sisi tunajua mgonjwa mahututi ni serumu. Hata nyumbani mtu akiumwa sana tunauliza, wamemtundikia? Tukaanza kunong'onezana kwamba ni kwa sababu sisi ni wakimbizi, mwenyeji anapata chupa tatu na Mama hapati kitu. Tulikaa na neno hilo siku nzima. Jioni likatutoka mbele ya muuguzi wa zamu, mama mmoja wa makamo, Muha, mwenye sauti ndogo. Tukamwambia, "Shikamoo Sista. Samahani, mbona Mama hatundikiwi serumu?"

Hakukasirika. Alituuliza, "Wanangu, huko kambini maji mnachota wapi?" Tukasema bombani, yanatoka kwenye tangi. "Haya, asubuhi maji yakiwa hayatoki, sababu ni nini?" Tukamjibu kama tunavyojua wote: tangi halina maji, au pampu imeharibika, au bomba lenyewe lina tatizo njiani. Akasema, basi nyie mmeshamaliza nusu ya masomo yangu. Presha ni mambo hayo matatu tu. Kuna maji, ndiyo damu. Kuna pampu, ndiyo moyo. Kuna mabomba, ndiyo mishipa, na mishipa ina ujanja ambao mabomba ya chuma hayana: inaweza kubana na inaweza kulegea.

Akatuonyesha kijana. Yule mishipa yake imelegea yote kwa sababu ya sumu ya vijidudu, imekuwa mipana, na maji yanavuja kutoka ndani kwenda kwenye nyama. Bomba limekuwa kubwa kuliko maji yaliyomo. Kwa hiyo kwanza unamjazia maji. Kwa mtu wa kilo 50 ni kama lita moja na nusu katika saa tatu za mwanzo, ndizo hizo chupa tatu za mililita 500 zilizotuuma. Ukishajaza na presha bado haipandi, ndipo unampa dawa ya kubana mishipa, noradrenalini. Ndiyo iliyokuwa kwenye kimashine chake.

"Mama yenu yeye mishipa imebana kupita kiasi. Moyo unasukuma kwenye bomba lililokunjwa, unashindwa, na maji yanarudi nyuma kwenye mapafu. Lile povu mliloliona ni maji ya damu yake mwenyewe. Alikuwa anazama, wanangu, anazama akiwa kitandani. Sasa mnataka nimtundikie chupa?"

Tulinyamaza. Ile furosemidi aliyochomwa kambini, akasema, kazi yake ni kuiambia figo iachie maji na chumvi nje. Ndiyo maana kamfuko ka mkojo ka Mama tulikuwa tunakamwaga kila mara. Siku ya kwanza ilizidi lita mbili. Sisi tulidhani amepata ugonjwa mwingine. Na kwenye kimashine chake kulikuwa na dawa ya kulegeza mishipa, naitrogliserini.

Hilo jina la mwisho lilimshtua mwalimu, maana alisoma sehemu ya biolojia na kemia na analikumbuka kwenye daftari. Naitrogliserini ndiyo kitu ambacho Alfred Nobel, mtu wa Sweden, alikitengenezea baruti ya kupasulia miamba mwaka 1867. Kitu kile kile. Na uzeeni, mwaka 1896, yeye mwenyewe alipougua moyo madaktari wakamwandikia hiyo hiyo kama dawa. Tulipomwambia Sista alicheka, akasema hapa hailipuki, ni kidogo sana na imechanganywa na maji mengi, inafungua mishipa tu. Lakini akaongeza kwamba ndiyo sababu hawachezi na vimashine hivi viwili vinavyofanana. Kimoja kinabana, kingine kinafungua. Ukikosea bomba la sindano, yule mwenye 70 unamlegeza zaidi na yule mwenye 230 unambana zaidi. Kwa hiyo kila bomba lina karatasi yenye jina la dawa, kiasi na saa, na kabla ya kulibadilisha wauguzi wawili husoma kwa sauti, mmoja anasoma mwingine anatazama. Tuliwasikia wakisoma hivyo usiku. Mwanzoni tulifikiri wanasali.

Jambo lingine tuliloliuliza ni kwa nini hawaishushi tu hiyo presha ya Mama hadi 120 tumalize. Sista akasema ubongo na figo za mtu mwenye presha ya muda mrefu zimeshazoea msukumo mkubwa. Ukiukata ghafla zinakosa damu, mgonjwa anaweza kupooza huku kipimo kinaonyesha namba nzuri. Kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo, saa ya kwanza hawapunguzi zaidi ya robo. Mwalimu akapiga hesabu pale pale: robo ya 230 ni 57 na nusu, inabaki kama 172. Na kweli Mama alipofika 170 na kitu walipunguza mwendo, wakawa wanashuka naye ngazi kwa ngazi.

Basi tukapata na hesabu nyingine, hii tumeileta hadi darasani. Kioo cha mashine kinaonyesha namba ya juu, ya chini, na ya tatu kwenye mabano. Hiyo ya tatu ni wastani. Unachukua ya chini mara mbili, unaongeza ya juu, unagawa kwa tatu. Kijana wa 70 juu ya 40: 80 na 70 ni 150, gawa kwa 3, ni 50. Wao wanataka isipungue 65, maana chini ya hapo figo na viungo vingine vinaanza kukosa damu ya kutosha. Watoto wa darasa la sita wameifanya mara kumi kwa namba mbalimbali, na mmoja akauliza kwa nini ya chini inahesabiwa mara mbili. Jibu ni kwamba moyo unapumzika muda mrefu kuliko unaosukuma. Ni swali zuri kuliko mengi tuliyowahi kuulizwa.

Sasa tuwaambie habari ya umeme. Ilikuwa siku ya tatu, saa moja jioni, saa ya kuwasafisha wagonjwa. Dada ndiye aliyekuwa ndani. Umeme ukakatika. Vimashine vina betri, lakini cha yule kijana betri yake ilikuwa imechoka, kikaanza kulia. Sista akampita Mama bila hata kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa kijana. Dada anasema moyo wake uliuma: hata sasa, wa kwao kwanza.

Muuguzi wa pili alimulika kwa simu. Sista alikuwa ameshaandaa bomba la pili la noradrenalini kabla, liko tayari juu ya sinia, pamoja na kimashine cha akiba. Kwenye kioo namba ya wastani ilikuwa 68. Ikawa 61. Ikawa 54. Dada alikuwa anaisoma kama mtu anayesoma tarehe ya hukumu. Mama wa yule kijana alikuwa amesimama mlangoni, kitenge mdomoni. Sista alibadilisha, akabonyeza, akasubiri, mkono wake uko kwenye mshipa wa kijana. 56. 60. Halafu jenereta likanguruma nje.

Ndipo akaja kwa Mama. Yake ilikuwa imepanda kutoka 158 hadi 170. Akarekebisha, akamfunika miguu, akamwambia dada, "Nilimwona mama yako. Yeye anaweza kunisubiri dakika tano. Yule hawezi." Noradrenalini ikikatika, nguvu yake inaisha mwilini ndani ya dakika chache tu. Hakuna akiba kama ile ya amlodipini. Ndiyo maana bomba la pili huandaliwa la kwanza halijaisha. Ndiyo maana pia anaukagua mkono wa kijana kila saa, maana dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa inabana hadi nyama ya pale inakufa.

Dada alitoka nje, akamkuta mama wa kijana amekaa chini ukutani. Hakujua la kusema, akakaa naye. Walikula ndizi moja wakaigawa.

Noradrenalini, kwa taarifa yenu, ina ndugu yake anaitwa adrenalini, na wote wawili miili yetu inawatengeneza yenyewe. Adrenalini inatoka kwenye vitezi vidogo vilivyokaa juu ya figo. Ukisikia mlio wa risasi, moyo unadunda, mdomo unakauka, miguu inapata nguvu ambayo hukuijua, ni yenyewe. Tulipomweleza Mama hayo, alikuwa ameshaanza kunywa uji, akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi ndiyo iliyotuvusha mwaka ule." Halafu akasema uji hauna chumvi. Ulikuwa hauna chumvi kwa makusudi.

Siku ya tano alihamishiwa wodi ya kawaida. Dawa ya kijana wakati huo walikuwa wanaipunguza kidogo kidogo, asubuhi namba moja, jioni namba ndogo zaidi, na presha yake inasimama yenyewe. Mama yake alituaga kwa kutushika mikono. Zaidi ya hapo hatukupata habari zao.

Siku ya kuruhusiwa ndipo daktari alipouliza dawa za nyumbani ziliishaje kabla ya tarehe. Tulitazamana. Tukasema ukweli, kwamba tuligawa, na kwamba sisi wenyewe tulimwambia Mama apumzike. Sista alikuwa amepita kutuaga, akauliza, "Huyo jirani ana pumu?"

Tukakumbuka. Ana pumu. Tangu tukiwa watoto tunamjua kwa pumu yake.

Tunaandika hili kwa ruhusa yake mwenyewe. Atenololi inapunguza mwendo wa moyo kwa kuziba vile vifungo ambavyo adrenalini inavibonyeza. Vifungo vinavyokaribiana na hivyo vipo pia kwenye njia za hewa za mapafu, na kazi yake huko ni kuzifungua. Ukiviziba kwa mtu wa pumu, njia zinaweza kujifunga. Tulipiga simu pale pale. Jirani alikuwa amekaa siku mbili anahema kwa miluzi akidhani ni vumbi la kiangazi, na bado alikuwa na vidonge vinne vyetu kwenye kikopo. Alipelekwa zahanati mchana ule, akawekewa dawa ya pumu, akapona. Walimpima na presha. Ilikuwa 118 juu ya 76. Kichwa chake kilitoka kwenye macho. Siku hizi anavaa miwani, mmemwona.

Sisi ndugu wawili tulikaa nje ya ile wodi muda mrefu bila kuongea. Mama mmoja tulikaribia kumpoteza kwa kumnyima vidonge, na mwingine tulikaribia kumuua kwa kumpa.

Nyumbani Mama sasa ameandikiwa amlodipini na enalaprili, na furosemidi ya asubuhi. Hii enalaprili ina kaka yake mkubwa anaitwa kaptoprili, ambayo wataalamu waliipata kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil inayoangusha presha ya mtu aliyeumwa. Mwalimu alifanya kosa la kumwambia Mama. "Kwa hiyo mnaninywesha nyoka?" Tulichukua jioni nzima kumweleza kwamba imetengenezwa maabarani kwa kufuata mfano tu. Alikubali, lakini akianza kukohoa kikohozi kikavu anasema nyoka huyo. Kwa kweli kikohozi hicho ni tabia ya dawa hizo kwa baadhi ya watu, na amekwenda kukisema kliniki.

Vidonge vinakaa kwenye kopo la plastiki juu ya kabati, na ukutani tumebandika karatasi ya daftari yenye siku za mwezi. Dada anaweka alama asubuhi, mwalimu anaitazama jioni, mmoja anasoma mwingine anatazama. Mama anasema tumemgeuza mwanafunzi.

Jumatatu iliyopita mama jirani alikuja na miwani yake, akaketi kwenye kigoda, akasema mgongo unamsumbua sana tangu juzi, hivi humu ndani hamna kidonge cha mgongo? Mama alikuwa anachambua maharage. Akayaweka kando, akachukua kitenge chake cha kutokea, akasema, "Simama twende zahanati. Hata mimi leo ni siku yangu ya kupima."